Galaksi ya Malin 1: kubwa hivi, hafifu hivi, iliwezaje kuwepo?

#1 Mkesha
Wakuu, salaam.

Kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa. Ipo galaksi inaitwa Malin 1, upande wa kundinyota la Nywele za Berenike, umbali wa takriban miaka ya nuru bilioni 1.2. Ina mikono iliyojipinda kama hii yetu ya Njia Nyeupe, ila upana wake unakadiriwa kufika miaka ya nuru 650,000. Yetu ni kama 100,000. Panga Njia Nyeupe sita kwa mstari, ukingo kwa ukingo, na bado nafasi inabaki.

Ukubwa wenyewe nimeshauzoea. Kinachonisumbua ni kwamba pamoja na ukubwa wote huo, hakuna aliyejua ipo mpaka 1986. Diski yake ni hafifu kiasi kwamba anga la usiku, hata mahali penye giza totoro, linang'aa kuliko yenyewe.

Kwanza, kitu kikubwa hivyo kinajifichaje? Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kilijengwaje na kwa nini hakijasambaratika? Nimesoma maelezo matatu na kila moja linalipinga jingine. Wajuzi karibuni.

#2 Shabaha
Naweka kambi hapa. Endeleeni.

#3 FundiLenzi
Mkesha, swali la kwanza nalijibu kwa mfano wa mshumaa. Uwashe ndani ya chumba kidogo, utasoma barua. Chukua mwanga uleule uutandaze juu ya uwanja mzima, utaapa hakuna aliyewasha kitu. Malin 1 kwa jumla ina nyota nyingi tu, haina ufukara wa nuru. Imeitandaza mno.

Wanaanga hupima nuru inayotoka kwenye kipande kidogo cha anga, mraba wa sekunde moja ya tao (sehemu moja ya 3,600 ya digrii). Kipimo ni magnitudo, na namba ikipanda nuru inashuka. Hatua 5 ni tofauti ya mara 100. Anga jeusi lisilo na mwezi ni kama 22 kwa kila mraba. Diski ya Malin 1, ukiacha kitovu, inaanzia 25.5 hivi, na mikono ya nje inashuka hadi kwenye 28. Kutoka 22 hadi 28 ni hatua 6, yaani mara 250. Unatafuta kitu kilichofunikwa na pazia linalong'aa mara 250 kuliko chenyewe.

#4 Tandabelua
Sasa si watumie tu darubini kubwa zaidi, ikuze mwanga? Naona mnalifanya gumu jambo jepesi.

#5 FundiLenzi
@Tandabelua, kaka, hapo wengi tunajikwaa. Kwa nyota, ambayo ni nukta, darubini kubwa inaongeza mwanga kweli. Kwa kitu kilichotandaa, darubini inapokuza inatandaza nuru ya kitu na nuru ya anga kwa pamoja. Uwiano wa galaksi na pazia haubadiliki hata kidogo. Kioo kikubwa kinasaidia kamera kukusanya fotoni nyingi haraka, ukapunguza chengachenga, ukaweza kutoa anga na kuona kilichobaki. Jicho halina ujanja huo.

#6 Chemchemi
Nathibitisha alichosema FundiLenzi. Galaksi ya M33 ukisoma vitabuni ina magnitudo 5.7 kwa jumla, ukadhani utaiona bila taabu. Nilikaa nayo misimu mitatu kwa darubini ya inchi 8 nikawa naipita tu. Siku moja nikachukua darubini ya macho mawili ya 10x50, anga likiwa limeoshwa na mvua, na hiyo hapo, doa la moshi kubwa kuliko nilivyotegemea. Misimu yote ile nilikuwa natazama ndani yake, kingo ziko nje ya duara la kioo. Nilikaa chini kwenye majani nikacheka kwa furaha.

#7 BiKemia
Mwenye mada umeniletea jambo langu. Nilichapisha picha kwenye chumba cha giza miaka 11, na ugunduzi wa Malin 1 ni kazi ya chumba cha giza kabla ya kuwa kazi ya darubini. Ngoja nieleze taratibu, maana watu wanapita hapa haraka.

Picha za anga zamani zilipigwa kwenye bamba la kioo lililopakwa utando wa gelatini wenye chembe za chumvi ya fedha. Nuru kali inaathiri utando mpaka chini. Nuru hafifu inaishia juu juu, kwenye uso wa utando. David Malin alisomea kemia, akaingia kazi ya uchunguzi wa anga Australia mwaka 1975, na jambo hilo alilijua vidoleni. Akawa anachapisha nakala kwa kuligusanisha bamba na filamu yenye kontrasti kali, chini ya taa ya mwanga uliotawanyika, ili nakala ichukue hasa chembe za juu. Ukungu wa kemikali uliojaa kina kizima cha utando unapungua nguvu. Kisha anachukua nakala za mabamba kadhaa ya sehemu ileile ya anga na kuzipandanisha kwenye karatasi moja. Punje za bahati nasibu haziko mahali pamoja kwenye kila bamba, kwa hiyo zinafifishana. Kilichopo kweli mbinguni kipo palepale kwenye kila bamba, kwa hiyo kinajijenga.

Mimi niliwahi kuletewa negativu ya picha ya familia iliyopigwa karibu na giza. Ukiiweka mbele ya taa ni plastiki tupu. Nikaiinamisha, upande wa utando ukanigeukia, taa ikaja kutoka ubavuni, na hapo nikaona mng'ao wa kijivu kama pumzi juu ya kioo. Nyuso tano. Zilikuwepo muda wote. Nilipokuja kusoma jinsi Malin alivyofanya, nilijua sawasawa alikuwa anatazama nini.

#8 Mkesha
BiKemia, asante sana dada. Nimeusoma mara mbili.

#9 Tandabelua
Kumbe ndiyo maana ikaitwa Malin, ni yeye aliyeigundua. Na nuru yake imetoka huko enzi za dinosaria, au siyo?

#10 MwalimuNuru
@Tandabelua, mawili hayo yanahitaji kunyooshwa.

Dinosaria walitokea miaka milioni 230 hivi iliyopita. Nuru ya Malin 1 iliondoka zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita. Wakati huo duniani hapakuwa na mnyama hata mmoja, wala mmea nchi kavu. Palikuwa na viumbe vidogo sana na mwani baharini.

La pili, ugunduzi ni wa watu wanne: Gregory Bothun, Chris Impey, David Malin na Jeremy Mould, na walichapisha 1987. Walikuwa wakitafuta galaksi vibete hafifu kwenye kundi la Virgo, yaani Mashuke, lililo umbali wa miaka ya nuru milioni 54 hivi. Malin akawatengenezea nakala zake kutoka kwenye mabamba ya darubini ya Schmidt ya mita 1.2 iliyoko Siding Spring. Kati ya madoa waliyoyapata kulikuwa na moja lenye kitovu kidogo na ukungu mpana kukizunguka.

Wakaipima spektra yake, yaani nuru yake iliyotawanywa kwa rangi. Galaksi za Virgo nuru yake inasogea kuelekea wekundu kwa kiasi kidogo, haifiki asilimia 1. Hii ilikuwa imesogea asilimia 8.3. Maana yake iko nyuma sana ya Virgo, zaidi ya mara 20 kwa umbali, na imeangukia tu kwenye mstari mmoja wa macho. Sasa fikirini: doa lilelile, pembe ileile angani, lakini umbali mara 20 na zaidi. Basi na upana halisi ni mara 20 na zaidi.

Darubini ya redio ya Arecibo nayo ikaikuta gesi. Haidrojeni hutoa wimbi la sentimita 21.1. Kutoka kwa Malin 1 linatufikia likiwa limenyooshwa hadi sentimita 22.9. Na gesi ni nyingi mno: takriban mara bilioni 60 hadi 70 ya uzito wa Jua, haidrojeni peke yake.

#11 HesabuSafi
Nimehakiki hesabu ya MwalimuNuru: 21.1 mara 1.083 ni 22.85. Sawa. Na pembe yake angani ni kama dakika 2 za tao, yaani sehemu moja ya kumi na tano ya upana wa Mwezi mpevu. Kwa kitu kilicho umbali wa miaka ya nuru zaidi ya bilioni moja, hiyo ni pembe kubwa ajabu.

#12 Mdadisi
Kwa hiyo ndiyo galaksi kubwa kuliko zote ulimwenguni. Tuandike hivyo.

#13 Kilimia7
Tusiandike hivyo, mkuu. Kuna galaksi za duaradufu katikati ya makundi makubwa ambazo nuru yao ya nje inakwenda mbali zaidi. Malin 1 ni miongoni mwa *diski* kubwa kuliko zote zinazojulikana. Halafu kuna NGC 6872, ambayo mwaka 2013 ilitangazwa kuwa na miaka ya nuru 522,000 kutoka ncha hadi ncha ya mikono, lakini ile imevutwa na jirani yake IC 4970, mikono imenyooshwa kama mpira. Na UGC 2885, ambayo wengine huiita galaksi ya Rubin kwa heshima ya Vera Rubin, ina upana kama mara mbili na nusu ya Njia Nyeupe. Ile imetulia na inaonekana vizuri. Malin 1 imekusanya sifa tatu kwa pamoja: kubwa, hafifu, na imepangika.

#14 Mdadisi
Sawa, nimepokea. Swali dogo pembeni: kwa nini kila mtu hapa ana jina lake la hizi galaksi? Mkesha anasema za mikono iliyojipinda, nimeona mahali wanaandika galaksi parafujo, na mwalimu wangu alikuwa anasema za mzingo.

#15 MzeeKitovu
Parafujo inanikera. Parafujo inapanda juu, hii imelala kama sahani. Mimi nasema galaksi ya msokoto. Ukikoroga chai ukadondosha maziwa, unaona msokoto.

#16 Zuhura_M
Mzee wangu, msokoto ni wa kamba! Mimi niko na mikono iliyojipinda, maana angalau msomaji anajua kuna mikono.

#17 MzeeKitovu
Binti, tutabishana mpaka galaksi jirani ya Andromeda itufikie. Turudi kwa Malin.

#18 Kilimia7
Haya, swali la pili la Mkesha. Nianze na maelezo ninayoyaona yana nguvu: mgongano.

Mnaijua galaksi ya Gurudumu, ile yenye duara la nje linalong'aa na spoku ndani? Galaksi ndogo ilipita katikati ya kubwa, karibu wima. Mvuto ukavuta kila kitu ndani ghafla, kisha kikarudi nje kama wimbi la jiwe kwenye maji. Wimbi hilo linasomba gesi na kuwasha nyota mpya ukingoni. Mwaka 2008 Michela Mapelli na wenzake waliigiza kwenye kompyuta nini kinafuata ukiliacha gurudumu kama hilo liendelee kutanuka. Baada ya miaka bilioni moja hivi linakuwa diski pana, hafifu, iliyosambaa mbali, na wakailinganisha na Malin 1 yenyewe. Kwa hiyo labda tunaitazama galaksi ya kawaida iliyopigwa zamani na bado inatanuka.

#19 HesabuSafi
@Kilimia7, nimeipenda kwa urembo wake ila ina deni. Mwaka 2015 Gaspar Galaz na wenzake walielekeza darubini ya Magellan ya mita 6.5, kule Las Campanas nchini Chile, wakapata picha ya kina ambapo mikono ya Malin 1 ilionekana wazi. Mikono mirefu, imejipinda kwa utaratibu. Hesabu ya nuru yake iliyofanywa 2016 na Samuel Boissier na wenzake ilielekea kwenye diski iliyojijenga polepole kwa muda mrefu, ikizalisha nyota kwa uvivu mkubwa. Hiyo si sura ya kitu kilichotanuliwa kwa pigo moja.

Halafu sikilizeni hili, nimelihesabu jana usiku. Chukua kasi ya kuzunguka kama kilomita 200 kwa sekunde. Ukingo uko miaka ya nuru 325,000 kutoka katikati. Mzunguko mmoja wa ukingo unachukua miaka bilioni 3. Ulimwengu wote una miaka bilioni 13.8. Kwa hiyo hata kama galaksi hii ingezaliwa siku ya kwanza, ukingo wake usingefikisha mizunguko mitano mpaka leo. Jua letu linamaliza mzunguko wa Njia Nyeupe kwa miaka milioni 230 hivi.

#20 Mkesha
HesabuSafi, hapo umeniongezea tatizo badala ya kulipunguza! Mizunguko minne, na tayari ina mikono iliyopangika? Nani aliipanga?

#21 HesabuSafi
Ndiyo hoja yenyewe. Na upande wa pili, mizunguko michache ni baraka pia. Mikono ikiwa ni nyota zilezile zinazoburutwa, diski inayozunguka mara nyingi ingeikunja mpaka ikapotea. Ndiyo sababu Lin na Shu mwaka 1964 walisema mkono ni wimbi la msongamano linalopita ndani ya diski, kama foleni ya magari: magari yanaingia na kutoka, foleni inabaki. Kwenye Malin 1 huenda hatulihitaji wimbi la kudumu. Mkono ungeweza kuwa mchoro wa tukio moja ambao bado haujapata muda wa kukunjika.

#22 Kilimia7
Tukio moja! Umerudi kwangu kwa mlango wa nyuma.

#23 Zuhura_M
Tukio si lazima liwe pigo la katikati, Kilimia7. Malin 1 ina jirani mdogo, Malin 1B, anayeonekana karibu sana na kitovu. Na kuna galaksi nyingine mbali zaidi, kwenye umbali wa miaka ya nuru zaidi ya milioni moja kutoka kwake, ambayo Vladimir Reshetnikov na wenzake mwaka 2010 waliitaja kuwa huenda ilipita karibu kama miaka bilioni moja iliyopita. Mpita njia anaweza kuchora mikono bila kuijenga diski.

Diski yenyewe mimi naielewa kwa njia ya gesi. Mwaka 2018 Qirong Zhu na wenzake walitafuta ndani ya uigizaji mkubwa wa ulimwengu, ule wa IllustrisTNG, wakakuta galaksi inayofanana na Malin 1 ambayo hakuna aliyeitengeneza makusudi. Wakarudisha historia yake nyuma. Galaksi iliyokuwepo ilikuwa imezungukwa na gesi ya moto. Zikaja nyingine mbili zenye gesi baridi kwa wingi, zikaingia. Gesi baridi ilipochanganyika na ya moto, ya moto ikapoa haraka, ikatua kwenye diski pana. Kwa hiyo wageni walileta kidogo, wakasababisha kilichokuwepo kishuke.

#24 Shabaha
Kama umande. Unyevu ulikuwepo hewani, ukasubiri baridi.

#25 Zuhura_M
Shabaha, ndiyo kabisa. Nauazima mfano huo.

#26 MzeeKitovu
Vijana mnaruka jambo lililo katikati, na jina langu linanilazimu kulisema. Mwaka 2007 Aaron Barth alichukua picha ya darubini ya Hubble iliyokuwa imekaa kwenye hifadhi tangu 1996, akatazama sehemu ya ndani tu. Alikuta galaksi ya kawaida yenye pau (mstari mnene wa nyota) katikati, aina ambayo ingekuwa peke yake hakuna ambaye angefungua uzi juu yake. Nyota zake zimesongamana kama inavyotakiwa. Lelli na wenzake 2010 walipoipima upya kasi ya gesi wakaona inapanda haraka karibu na kitovu, kama galaksi ya kawaida inayong'aa.

Sasa mnauliza Malin 1 ilijengwaje kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi naona vitu viwili. Kuna galaksi ya zamani ndani, na kuna diski kubwa nje iliyokuja baadaye, kwa njia yake. Kilimia7 anaeleza diski ya nje, HesabuSafi anaeleza diski ya nje, na nani anaeleza mshono? Mahali ambapo ya ndani inaishia na ya nje inaanza, hapo ndipo pa kuchimba.

#27 HesabuSafi
Mzee, nakubali mshono upo kwenye nuru. Kama upo kwenye historia ni jambo jingine. Galaksi nyingi zinajengwa kutoka ndani kwenda nje, na Boissier anaweza kukueleza diski ya nje kwa kuanza tu na wingu lenye msukumo mkubwa wa mzunguko. Gesi yenye mzunguko mwingi haiwezi kushuka katikati, inakaa mbali. Imetawanyika mno kusongamana, kwa hiyo nyota zinazaliwa kwa shida. Hakuna mgeni, hakuna pigo. Ilizaliwa pana.

#28 Tandabelua
Na kwa nini basi hatuzioni nyingi za namna hiyo, kama ni kuzaliwa tu?

#29 MwalimuNuru
Tandabelua, leo umeuliza swali zuri kuliko majibu yetu. Mwaka 1976, miaka kumi kabla ya Malin 1, Mike Disney aliandika kwamba galaksi tunazozijua zinafanana mwangaza wa uso kwa sababu ndizo tunazoweza kuziona. Zilizo hafifu zinamezwa na anga, zilizosongamana sana zinafanana na nyota tukazipita. Kabla yake, mwaka 1970, Ken Freeman alikuwa ameona kwamba diski nyingi zina mwangaza wa katikati unaokaribiana, kwenye 21.65 kwa kipimo kilekile cha FundiLenzi. Disney akauliza kama hiyo ni sheria ya maumbile au ni sheria ya macho yetu. Malin 1 ilipotokea haikutatua hesabu ya ngapi zipo, ila ilionyesha kwamba swali la Disney halikuwa la mchezo.

#30 Mdadisi
Na maada ya giza, ile isiyoonekana ila ina mvuto, mnaiacha nje? Kasi ya 200 ukingoni kule lazima kuna kinachoshikilia.

#31 HesabuSafi
Kwa kasi hiyo na nusu kipenyo hicho, uzito unaohitajika ndani yake unakaribia Jua trilioni moja. Gesi ya bilioni 60 au 70 haifiki hata sehemu ya kumi. Ongeza nyota zote, bado pengo ni kubwa. Tahadhari moja: diski tunaitazama karibu kutoka juu, si ubavuni, kwa hiyo kosa dogo kwenye makadirio ya mwinamo linabadilisha kasi, na kasi kwenye fomula inazidishwa kwa yenyewe.

#32 Chemchemi
Kuna wasemao si maada bali ni mvuto unaobadilika pale unapokuwa dhaifu sana. Milgrom, 1983. Alisema mapema kwamba galaksi hafifu ndizo zitakazoonyesha pengo kubwa zaidi. Hata usipokubaliana naye, utabiri huo ulitoka kabla Malin 1 haijaonekana.

#33 HesabuSafi
Chemchemi, utabiri nauheshimu. Mchapuko (jinsi kasi inavyobadilika) ukingoni nimeupata kama sehemu moja ya tisa ya mpaka ambao Milgrom anasema mvuto hubadilika chini yake, kwa hiyo kweli hapa ndipo pa kumpima. Lakini hilo lifunguliwe uzi wake, tutaumaliza huu.

#34 FundiLenzi
Wakati mnajadili nadharia, mimi nilitoka nje. Sikutaka kusema mpaka niwe na kitu.

Nilifuatilia eneo hilo usiku sita usio na mwezi, kioo cha inchi 10, jumla fremu 168 za dakika 5 kila moja, yaani saa 14. Nikazipandanisha. Nilichopata ni kitovu, nukta yenye ukungu kidogo pembeni. Nikivuta kontrasti, upande wa kushoto wa picha unawaka kuliko wa kulia, ambayo ni mng'ao wa upeo wa macho, na katikati kuna duara tatu za vumbi la kwenye kichujio. Vumbi langu linang'aa kuliko galaksi ya miaka ya nuru 650,000. Nilikaa na hilo muda mrefu mbele ya skrini.

#35 BiKemia
FundiLenzi, usiikuze picha yote kwa jicho. Fanya tulivyofanya zamani kwa mkono, ila kwa namba. Funika kila nyota. Chora pete nyembamba kukizunguka kitovu, sekunde 10 za tao kila pete, mpaka uvuke dakika 2. Chukua wastani wa kila pete. Pete moja ina maelfu ya nukta za kamera, na chengachenga za nukta elfu zinapungua kama mara 30 ukizipatia wastani. Anga liwe lile la nje kabisa ya pete ya mwisho. Na zile fremu za kusawazisha vumbi, zipige upya usiku uleule, usitumie za mwezi uliopita.

#36 Zuhura_M
Na uangalie rangi ukiweza. Mikono ya nje ina nyota changa, hata darubini ya GALEX iliuona urujuanimno wake. Kama pete za nje zinaelekea kuwa za buluu kuliko za ndani, hiyo peke yake ni habari kwa hoja ya Mzee ya mshono.

#37 Kilimia7
Darubini ya Rubin kule Chile, ile ya kioo cha mita 8.4, ilianza kutoa picha 2025 na itapitia anga lake kwa miaka kumi. Hapo ndipo tutajua kama zipo mbili au zipo elfu. Ila FundiLenzi, mimi nasubiri pete zako kwanza.

#38 FundiLenzi
Nimerudi. Nimefuata alivyosema BiKemia. Kuanzia katikati hadi sekunde 30 za tao, wastani uko juu ya anga bila shaka yoyote. Kati ya 30 na 60 bado uko juu, lakini kwa kiasi kinachokaribiana na kosa la usawazishaji wangu. Kupita hapo ni anga tupu kwangu. Kwa umbali wake, sekunde moja ni kama miaka ya nuru 5,000, kwa hiyo ninachoweza kukitetea ni miaka ya nuru 150,000 kila upande. Mikono siioni.

#39 Mkesha
Mia na hamsini elfu kila upande ni laki tatu kwa upana, ndugu yangu! Hiyo ni mara tatu ya Njia Nyeupe, imetoka kwenye kioo chako cha inchi 10.

#40 MzeeKitovu
Tuwekee namba za pete zote, hata zile unazozitilia shaka. Nataka kuona mteremko unapobadilika. Kama kuna kigoti karibu na sekunde 6 hadi 10, nitaomba Kilimia7 na HesabuSafi wote wawili wajibu.

#41 FundiLenzi
Pete yangu ya kwanza ni sekunde 10 nzima, Mzee, kigoti hicho kimejificha ndani yake. Nitazikata upya kwa sekunde 2. Na Mwezi umeshaanza kuchelewa kuchomoza, nina usiku nne mbele. Napakia vifaa.